Meneja Hanywi Chai kwa Memba

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, sufuria ambayo ndani yake mtu mzima angeweza kubatizwa, na hotuba ambazo bado zinaendelea kichwani mwangu. Kisha karani mmoja, sitamtaja kwa kuwa bado ana watoto wa kusomesha, akasema, "Mzee, tuandikie hata kurasa mbili tatu, ili wanaoingia wajue kazi ya meneja wa kiwanda cha kahawa ni nini." Nimezitafuta hizo kurasa tangu hapo. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo kilikuja kimechelewa na mshahara ulikuja umechoka. Nitawaandikia habari za chai.

Nilitoka Kianjai, kwetu Meru, nikiwa kijana wa miguu mirefu na akili fupi. Wenzangu wa rika walikimbilia Maua kwenye miraa, ambako gari la mzigo huenda kasi mpaka kivuli chake kinabaki nyuma kikiuliza njia. Mimi niliogopa magari. Nikamfuata mjomba wangu aliyekuwa amenunua shamba huku Embu, karibu na Karurumo, naye akanipeleka kiwandani, pale mteremkoni juu ya mto, akaniacha kama mtu anayeacha kuku sokoni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Jua la huku likichoma linachoma na mfupa. Nilikuwa mweusi tangu kuzaliwa, lakini msimu ule niliongeza.

Meneja wakati huo alikuwa Mzee Njiru. Mtu mfupi, koti la kahawia alilovaa mvua na jua, na pua ambayo naamini ingenusa uongo kutoka ng'ambo ya mto. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza jina. Alinishika mkono akanipeleka kwenye tangi moja la kuchachushia, akafunua gunia lililolifunika.

"Nusa."

Nikanusa. Nilimwona babu yangu aliyekufa zamani, naye akanipungia mkono nirudi.

"Umesikia nini?"

"Kifo, mzee."

"Basi huyo ni mtu mmoja. Aliokota kahawa iliyoanguka chini, imeoza, akaificha katikati ya gunia. Karani aliiona. Akaona haya kusema, kwa sababu yeye na huyo mtu walibatizwa siku moja. Sasa kahawa ya watu wote walioleta siku hiyo ndiyo hii unayonusa." Akalirudisha gunia polepole, kama anayefunika maiti. "Tangi halijui jina la mtu, kijana. Likishapokea, limepokea."

Ninyi mliosomea chuo mlifundishwa haya kwa michoro. Mimi niliyapata kwa pua, siku ya kwanza, kabla ya uji.

Mchana nilifanya kazi, jioni nikaingia ngumbaru, masomo ya watu wazima. Tulisomea kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa sambamba na masikio, wazee wenye wajukuu wakinyanyua vidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu wetu alikuwa msichana mdogo aliyetuogopa, nasi tulimwogopa zaidi. Nilihitimu. Siku ya cheti nilitembea Karurumo nzima nikiwa nimekishika mbele kama trei, na mtu yeyote asiyejua kusoma nilimsomea bure.

Mzee Njiru alikiangalia kile cheti, akanirudishia. "Vizuri. Sasa njoo ujifunze kusikia." Akanifundisha kuchota kahawa tangini na kuisugua viganjani. Ikiwa bado ina ute, inateleza kimya. Ute ukishakwisha, inakwaruza, inasema kama changarawe ndani ya maji. Ukiiosha mapema umeharibu, ukichelewa umeharibu, na hakuna wa kumwuliza. Watu wote wa kijiji, watoto wao, karo zao, mabati yao, wote wako ndani ya kiganja chako, na wewe umesimama pale peke yako ukisikiliza changarawe. Huo ndio uongozi niliouona. Mengine ni viti.

Ila kuna sheria moja ambayo hakuna chuo kinachofundisha. Mzee Njiru alitembea na thermosi yake ya chai kila mahali, kwa memba, yaani wakulima wenye kiwanda, kanisani, hata matangani. Kuanzia siku mashine inapofunguliwa hadi siku inapofungwa, hakunywa chai nyumbani kwa memba yeyote. Mnajua kwetu huku kukataa chai ni nini. Ni afadhali umtukane mtu, ataweza kukujibu. Ukikataa chai yake umemwambia nyumba yake ina sumu. Watu walimwita mchawi, walimwita mringaji, na mwanamke mmoja alimfuata mpaka barabarani na birika.

Nilimwuliza sababu. Akasema, "Chai ya memba ina mdomo. Ukiimeza Jumapili, Jumatatu itaongea kwenye mizani."

Alipostaafu, kamati ya kiwanda iliniita mimi nishike nafasi yake. Mzee Njiru hakunipa mawaidha marefu. Alinipa ile thermosi. "Kizibo kimelegea, funga na kitambaa," akasema. "Na utakula peke yako. Usije ukalalamika. Hakuna aliyekulazimisha kukaa kwenye kiti."

Wakati huo nilikuwa nimeshaoa. Mke wangu, Wawira, ni wa hapa hapa, na mama yake alikuwa mjane mwenye shamba dogo la kahawa, memba wa kiwanda chetu kama kila mtu. Lazima niwaambie kidogo juu ya mama huyu. Nilipopeleka posa, wajomba wa Wawira walikataa. Walisema Mmeru hutembea na hasira mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso, na huyu hata ng'ombe hana, ana cheti cha ngumbaru. Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alisema, "Mimi sikuombwa ng'ombe. Nimeombwa binti, na anayemwomba amenyoosha mgongo siku nzima kwenye vitanda vya kahawa. Mnataka nini kingine, taji?"

Desturi inamtaka mkwe wa kiume akae mbali na mama mkwe, aongee kwa kipimo, asimkosoe, asipite mbele yake. Niliishika desturi hiyo kama amri ya kumi na moja. Hata hivyo mama alikuwa na njia yake ya kunikaribisha. Alininunulia kikombe cha bati cha bluu, kikubwa, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitumia. Nikifika, kilijazwa mpaka chai ikasimama juu ya ukingo kama inayochungulia. Mimi sina mama tangu utotoni. Nasema tu ili mjue kikombe kile kilikuwa nini.

Nilipokuwa meneja nilimtuma Wawira akamweleze ile sheria. Mama alicheka. "Mwacheni, ameoa kiwanda. Kikombe chake kitamngoja mpaka mashine ifungwe." Na kweli kiliningoja. Kila msimu ukifungwa, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwake, kiangazi au matope, na kile kikombe cha bluu kilikuwa kimeshapanguswa.

Lakini kwa wengine mambo yalibadilika siku ile ile. Nilikuwa mtu wa vichekesho. Nilikuwa naweza kuchekesha jeneza. Nilipopewa umeneja, nikikaribia kikundi, vicheko vinakatika kama stima. Rafiki niliyekuwa nikigawana naye muhogo akaanza kuniita "Bwana Meneja" na kuangalia viatu vyangu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na mpwa wake ambaye alitaka kazi ya mizani, mtu ambaye hata jua likitua alihitaji kuelezwa. Nilipokataa, mwenyekiti alitangaza kanisani kwamba Wameru wameteka kiwanda. Wameru wenyewe nilikuwa mimi peke yangu, na nilikuwa nimekaa nyuma yake nikishika kitabu cha nyimbo.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikuja nusu ikarudi ilikotoka. Kahawa iliiva vibaya, tawi moja likiwa na nyekundu, kijani na nyeusi kama bendera. Na juu ya hayo wezi wa kahawa wakaingia. Walikuwa wanakama mti mzima wakati watu wamelala, asubuhi unakuta matawi matupu. Kwa hofu watu wakaanza kuchuma mbichi ili wasiibiwe. Ukichanganya mbichi kwenye tangi, ladha inaharibika, na wanunuzi wana ndimi kali kuliko wakwe.

Niliitisha mkutano. Nikasema, kahawa yoyote yenye mbichi itamwagwa kwenye turubai na mwenyewe ataichagua upya, awe nani. Walipiga makofi mpaka kunguru wakahama. Nimejifunza kwamba sheria ikipigiwa makofi namna hiyo, kila mtu anamfikiria jirani.

Siku chache baadaye foleni ilikuwa ndefu hivi kwamba waliokuwa mkiani walipata habari za kichwani kwa redio. Karani wangu alikuwa Ireri, kijana mpole, mtu wa kwaya. Punda wa kukodi akaingia na magunia, na nyuma yake mama mkwe wangu, kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi. Nilisogea pembeni kwa heshima. Ireri akamwaga gunia la kwanza kwenye turubai.

Juu ilikuwa nyekundu kama midomo ya bibi harusi. Katikati ikawa kijani kama sukuma wiki.

Ireri aliniangalia mimi, kisha akaangalia mbingu. Kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikasema, si kwa siri, "Leo tutajua kama Mmeru ana sheria au ana mke."

Watu wakacheka. Mama hakugeuka. Alimwambia Ireri, kama vile mimi nilikuwa mti, "Mwambie meneja wezi waliingia kwa jirani yangu juzi. Mwambie mimi nalala peke yangu, na mbwa wangu ni mzee."

"Meneja," Ireri akaanza, "mama anasema..."

"Nimesikia."

Niliangalia foleni. Kila gunia pale lilikuwa na katikati yake. Niliwaona wameweka mikono juu ya magunia yao, wakinisubiri, wengine wakiniombea nimpitishe, maana nikimpitisha yeye nimewapitisha wote. Na niliangalia tangi, tupu, limeoshwa asubuhi ile kwa mikono yangu. Na nilikiona kikombe cha bluu. Nawaambia kweli, nilikiona mbele yangu kama mtu anavyoona maji jangwani.

"Mwambie mama achague upya," nikasema. "Mwambie pole."

Ireri akafungua mdomo. "Mama, meneja anasema..."

"Nina masikio, Ireri," akasema mama. "Ni yeye asiye na mdomo wa kuniambia."

Akaiweka fimbo chini, akapiga magoti kwenye turubai mbele ya watu wote.

Sikuweza kumsaidia. Mkwe hapigi magoti kando ya mama mkwe, na meneja hachagui kahawa ya memba. Nilikuwa nimezibwa pande zote mbili kama panya kwenye bomba. Nikasimama. Baada ya muda wanawake watatu wanne wakatoka kwenye foleni, wakapiga magoti pamoja naye, wote wakanipa migongo. Ilisikika tu kahawa ikidondoka kwenye debe. Kisha yule mwenye sauti wa nyuma nikamwona anamwaga gunia lake mwenyewe bila kuambiwa. Na wengine vilevile. Turubai zilikwisha, wakatandika kanga.

Mama alipomaliza, alifunga zile mbichi kwenye kiondo akaanike nyumbani. Alipopita karibu nami alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile aliniambia mimi mwenyewe.

"Umefanya kazi yako, mwanangu."

Nilirudi nyumbani karibu nikiimba. Nilimwambia Wawira, mama ameelewa, mama amenibariki. Wawira alikuwa anakoroga uji, hakuinua kichwa.

"Hakukuambia umefanya vyema," akasema. "Amekuambia umefanya kazi."

Kahawa ya mwaka ule ilitoka safi. Ilisifiwa mpaka mwenyekiti akaitolea hotuba, akajisahihisha tu pale aliposahau kujitaja. Mimi sikushukuriwa na mtu, wala sikutaka. Ila watu walianza kunisalimia kwa kuvua kofia, jinsi mnavyowasalimia wafiwa. Niliwasikia akina mama mtoni wakisema, kama amemfanyia huyo hivyo, mimi atanila mbichi.

Msimu ulipofungwa, wajomba wa Wawira waliniita. Nilikuwa nimemwaibisha mama mkwe hadharani, na jambo hilo lina dawa yake: mbuzi, blanketi, na maneno ya unyenyekevu mbele ya wazee. Sikubisha. Nilinunua mbuzi mnene ambaye angesimama uchaguzi angepita. Nikamchukua Ireri anisindikize. Nilisema maneno yangu, wazee wakala nyama, wakasema yameisha, wakafuta mikono. Mzee Njiru pia alikuwepo, ameketi pembeni na koti lake.

Kisha mama akaleta chai. Akampa mjomba mkubwa, akampa mjomba mdogo, akampa Njiru, ambaye sasa alikuwa mstaafu na aliweza kunywa popote. Akampa Ireri. Akawapa majirani waliokuja kuonja nyama. Kikombe cha bluu kilikuwa kwenye trei, kimefunikwa, kitako juu.

Nilingoja. Mwishowe nilifanya ambalo mkwe hafanyi. "Mama," nikasema, "na mimi?"

Alinitazama kwa upole. Huo upole ndio siusahau.

"Meneja hanywi chai kwa memba," akasema.

Wajomba waliangua kicheko, wakapiga mapaja. Nami nilicheka, nikawashinda wote, nikacheka mpaka machozi, na nashukuru nilikuwa na sababu ya hayo machozi. Mama hakucheka. Njiru naye alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake.

Nilimwambia mashine imefungwa. Nilimwambia msimu umekwisha. Akasema, "Najua."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinipa chakula, alinipa ndizi za kubeba, alinisalimia kwa heshima zote, aliwaombea watoto wangu. Chai hakunipa tena. Nilipomzika niliongea kwa niaba ya kiwanda, nikasema alikuwa memba mwaminifu ambaye kahawa yake haikuwahi kurudishwa tena. Watu wakasema amina. Wawira alikichukua kile kikombe, akakiweka kabatini kwetu. Kipo. Hakuna anayekitumia, na sijawahi kumwuliza kwa nini alikileta.

Sasa mnataka kujua kama ningerudia. Ningerudia. Tangi halijui jina la mtu. Lakini msije mkadanganywa kwenye semina kwamba kiongozi akitenda haki watu watamwelewa baadaye. Watamwelewa siku hiyo hiyo. Wanaelewa vizuri sana. Halafu wanamfunikia kikombe.

Nifikie mwisho, na hapa nakuomba wewe meneja wa sasa usinikasirikie, najua utasoma. Wewe ni kijana mzuri, una digrii, na hakuna nyumba kuanzia mtoni mpaka barabarani ambako hujanywa chai. Watu wanakupenda. Mimi walinivulia kofia, wewe wanakukumbatia. Nikipita barabarani asubuhi nyingine, upepo ukitoka kiwandani, pua yangu hunisimamisha pale. Sisemi kitu. Mimi ni mstaafu.

Msimu huu, wa kwanza tangu mniage, magoti yangu yalikataa kupanda mteremko wa shamba letu la kahawa. Niliajiri wachumaji. Tulikuja kiwandani na Wawira na magunia yetu, nikapanga foleni kama memba yeyote. Karani akamwaga la kwanza kwenye turubai. Juu nyekundu. Katikati, kijani.

Nilianza kupiga magoti. Ndipo ukatoka ofisini mbio, mikono miwili mbele.

"Nani amemwaga kahawa ya mzee wetu chini? Rudisheni, pimeni!"

"Kijana, kuna mbichi," nikasema.

"Mzee, wewe ndiye uliyekijenga kiwanda hiki. Mbichi yako ni nyekundu." Foleni ikapiga makofi. Hakuna aliyesema neno kutoka nyuma. Hakuna hata mmoja. "Njoo ofisini, mzee. Mama, karibu. Chai iko tayari."

Nilimwambia karani, "Mwaga hiyo." Karani aliniangalia kwa upendo, kisha akakuangalia wewe, kisha akabeba gunia kwenye mizani. Ilikuwa sawa. Si mimi tena ninayetoa amri pale.

Tukaingia ofisini. Uliniwekea kiti changu cha zamani, ukanimiminia kikombe kikajaa mpaka chai ikasimama juu ya ukingo. Ukatoka kupokea simu. Wawira alikuwa amekishika chake kwa mikono miwili, akiangalia dirishani pale turubai ilipokuwa.

"Unaona ilivyokuwa rahisi," akaniambia.

Nilikunywa. Ilikuwa tamu. Nje mashine ilikuwa imeshaanza kumenya, na kahawa yangu ilikuwa inateremka tangini, pamoja na yenu.